Adili na Nduguze Mbele ya Msomaji Mwenye Usonji

Wapo wanaodai kwamba mwanafunzi mwenye usonji hafundishiki riwaya, kwa kuwa huyachukua maneno kama yalivyo na hupata taabu kubaini nia za watu. Dai hili lina kasoro: linamhukumu msomaji kabla ya kuichunguza kazi yenyewe.

Mfano mwafaka ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Majina ya wahusika wake yanatangaza sifa zao: Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu. Wahusika bapa wa namna hii huhesabiwa kuwa udhaifu wa kisanaa. Kwa mtoto wa gredi ya 5 huko Gataka, Kajiado, ambaye neno kwake ni ahadi, ubapa huo ndio mlango.

Lakini mlango si nyumba. Adili anapoonekana usiku akiwapiga nyani wawili, jina linapingana na kitendo. Hapo wasomaji wote ni sawa katika kutojua. Naye mwandishi hawaachi wakikisia; Adili mwenyewe anamsimulia Mfalme Rai kisa chote, hatua kwa hatua, hadi nyani wanapojulikana kuwa ni nduguze.

Kwa hiyo, mwalimu aulizaye mapema, “Adili anahisi nini?” anadai kile ambacho hadithi bado imekificha. Aulizaye, “Mpaka hapa tumeambiwa nini?” anafundisha riwaya. Kinachostahili kusahihishwa kwanza ni swali, si mwanafunzi.