Sitiari ya Kontena katika Lugha ya Programu: Uhakiki
Sitiari ya kontena, iliyoenea pamoja na Docker tangu mwaka 2013, imetoka bandarini; nembo ya nyangumi aliyebeba makontena inadhihirisha hilo. Inaeleza vyema usafirishaji: programu hufungashwa pamoja na vyote inavyovitegemea. Kuhusu hifadhi, inapotosha. Melini shehena ya thamani hukaa ndani ya kontena. Kwenye seva, chenye thamani hakina budi kukaa nje, kwani kontena likifutwa (kulizima tu hakudhuru) data iliyomo hupotea. Ndiyo maana Discourse, programu ya majadiliano, huweka hifadhidata yake katika folda ya seva yenyewe. Msimamizi aliyeghilibiwa na sitiari hufuta kontena lenye hitilafu ili aanze upya, na pamoja nalo hufuta kumbukumbu za matukio ambazo zingemwonyesha kosa.