Ushuru wa Bomba

Bomba halipitishi maji bure. Kila mita maji yanayopita, ukuta wa bomba hudai chake kwa msuguano, na ushuru huo hulipwa kwa presha. Mama anayekaa mwisho wa laini, anayekinga matone huku jirani wa karibu na tangi akijaza ndoo kufumba na kufumbua, anaujua vizuri bila fomula yoyote. Mhandisi wa maji sharti aujue kabla mtaro haujachimbwa. Naiheshimu mno kazi hii: akikosea makadirio, si yeye atakayelala na ndoo tupu.

Anayenivutia zaidi katika ufundi huu ni Henry Darcy wa Dijon, Ufaransa. Mwaka 1840 aliufikishia mji wake maji ya chemchemi ya Rosoir, zaidi ya kilomita 12, kwa mtelemko tu bila pampu, na malipo akayakataa. Angeweza kustarehe. Lakini fomula za siku zile zilihesabu bomba kana kwamba hali ya ukuta wake haina neno, na yeye hakuziamini. Akakusanya mabomba ya chuma, ya risasi, hata ya kioo, mapya na makuukuu, akayapima moja baada ya jingine. Matokeo aliyachapisha mwaka 1857: kutu na ukoko lazima viingie kwenye hesabu. Mwaka uliofuata akafariki.

Leo jina lake limeunganishwa na la Julius Weisbach, Mjerumani aliyeipa fomula ya upotevu wa presha umbo lake mwaka 1845. Presha inayopotea huongezeka kwa urefu wa bomba na kwa mraba wa kasi ya maji, hupungua kipenyo kinapopanuka. Ugumu wote umejificha katika mgawo wa msuguano, namba inayobeba hali ya ukuta wa bomba. Kuutafuta, Johann Nikuradse alichekecha mchanga, akaugandisha ndani ya mabomba na kupima upya. Kazi yake ilitoka mwaka 1933. Mwaka 1944 Lewis Moody akaukusanya ujuzi wa wengi katika mchoro wa ukurasa mmoja, na wahandisi wanautumia hadi leo.

Kipenyo ndicho kinachoadhibu vikali. Pitisha maji yale yale katika bomba la inchi 2 badala ya inchi 4, na upotevu huruka takriban mara 32. Mradi uliookoa fedha kwa kununua bomba jembamba huzirudisha kwa umeme wa pampu, mwezi baada ya mwezi. Na palipo na mtelemko peke yake, kama kwenye laini ya kilomita 220 hivi kutoka chemchemi za Mzima hadi Mombasa, mwinuko uliopo ndiyo akiba yote. Ukiliwa na msuguano, hakuna swichi ya kuwasha.

Basi mradi wa maji ukiletwa kijijini kwenu, msisubiri siku ya kukata utepe. Mwulizeni mhandisi mapema: umelihesabu bomba hili likiwa jipya, au likiwa na miaka 30 ardhini?