Phylicia Rashad na Kazi ya Kusikiliza

Lena Younger ana mmea mmoja tu. Ni mmea dhaifu kwenye chungu kidogo, na maskani yake ni dirishani, katika nyumba ya kupanga iliyobanana upande wa kusini wa Chicago. Katika A Raisin in the Sun, tamthilia ya Lorraine Hansberry iliyoingia Broadway mwaka 1959, Lena anatoka chumbani kwake asubuhi akiuliza ni nani anayebamiza milango mapema yote hii. Kisha anavuka jikoni, anafungua dirisha, anaingiza chungu ndani, anapapasa udongo, anakirudisha nje. Hansberry ameyaeleza hayo kwenye maelekezo ya jukwaani kwa maneno machache mno. Mwigizaji wa kawaida atayafanya ili yaishe, awahi kwenye mazungumzo. Aliyekomaa atavitumia vidole vile kwenye udongo kukujulisha kwamba mama huyu amekaa miaka mingi akilea vitu visivyopata jua la kutosha, wanawe wakiwemo.

Phylicia Rashad aliupapasa udongo huo mwaka 2004, katika ukumbi wa Royale mjini New York, mwongozaji akiwa Kenny Leon. Kwa kazi ile akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Tony ya mwigizaji bora wa kike, mhusika mkuu, katika tamthilia isiyo ya muziki. Mwaka 2011 aliirudia tamthilia ile ile huko Los Angeles, katika Ebony Repertory Theatre, safari hii yeye ndiye mwongozaji. Chungu kikawa mikononi mwa mwenzake.

Hapo ndipo hamu yangu ya kumwandika inapoanzia. Waigizaji wengi wakigeuka waongozaji huongoza kwa kuonyesha: anainuka kitini, anaicheza sehemu mwenyewe, mwenzake anaiga. Ni njia ya mkato, na inaharibu, maana mwigizaji aliyeshughulika kuiga sauti ya mtu mwingine hana tena sikio la kumsikia aliyesimama mbele yake. Rashad angekuwa na kila kisingizio cha kufanya hivyo, kwa kuwa Lena alikwisha kuwa wake na Marekani nzima ilishuhudia. Lakini ukiifuata kazi yake tangu mwanzo unamwona mtu aliyekuwa akijifunza uongozaji miaka mingi kabla ya kukabidhiwa onyesho, na alichokuwa akijifunza hasa ni kusikiliza.

Alizaliwa Houston, Texas, mwaka 1948. Mama yake, Vivian Ayers, alikuwa mshairi. Baba yake alikuwa daktari wa meno. Mdogo wake ni Debbie Allen, mcheza dansi, mwigizaji na mwongozaji mwenye jina lake mwenyewe. Texas ya wakati ule iliwatenga watu weusi kwa sheria, na mama akaamua kwa muda kuwahamishia wanawe Mexico, ambako walijifunza Kihispania. Sitaki kulikuza jambo hilo kupita kiasi. Hata hivyo, mtoto anayejikuta katikati ya lugha ngeni huanza kuwasoma watu kwa nyuso na kwa kupanda na kushuka kwa sauti zao, na huo ni mtaji mkubwa kwa mtu wa jukwaani. Alisoma Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, akamaliza mwaka 1970, akaenda New York.

Broadway alianza mahali wanapoanzia wengi, kwenye kundi. Alikuwemo katika The Wiz, na Dreamgirls ilipofunguliwa mwaka 1981 alikuwa mwigizaji wa akiba wa nafasi ya Deena Jones. Wanaosimulia maisha yake hupita hapo haraka, kana kwamba ni miaka ya kungoja bahati. Mimi naiona kuwa miaka ya thamani. Mwigizaji wa akiba hujifunza nafasi nzima akijua huenda asiicheze kamwe. Lazima ajue nani anasimama wapi, taa inabadilika kwenye neno gani, ni pumzi ya nani inayomruhusu mwenzake aanze kuimba. Anaposimama pembeni usiku baada ya usiku, anaona kitu ambacho waliomo jukwaani hawawezi kukiona: jinsi onyesho lile lile linavyokuwa jingine mtu mmoja anapoharakisha nusu sekunde. Mwongozaji naye huishi kwa kuliona jambo hilo hilo.

Kisha ikaja runinga. Kuanzia mwaka 1984 hadi 1992 alikuwa Clair Huxtable, wakili na mama wa watoto watano, katika The Cosby Show ya NBC, kipindi kilichoongoza kwa watazamaji Marekani kwa misimu mitano mfululizo. Kilirekodiwa mbele ya hadhira iliyokaa studio, kamera kadhaa zikifanya kazi kwa pamoja. Uigizaji wa namna hiyo una ugumu wake. Kamera inataka uso mtulivu. Watu mia kadhaa waliokaa mbele yako wanacheka, na kicheko chao kinakula sekunde zako. Ukisema neno lako juu ya kicheko, limepotea. Ukikisubiri kiishe kabisa, tukio limepoa. Inabidi uingie pale kicheko kinapoanza kuteremka, na wakati huohuo usiache kuwa wakili aliyerudi nyumbani amechoka.

Tazama tukio la kahawa. Elvin, mchumba wa binti mkubwa, anashangaa kumwona Clair akimletea mumewe kahawa. Hakudhani mwanamke wa aina yake hufanya mambo hayo. Clair anamgeukia. Anaanza kwa upole, karibu kama mwalimu, akimweleza kuwa kuhudumiwa ni mambo ya hotelini, na kwamba humu ndani leo mke analeta kahawa, kesho mume analeta. Halafu sauti inapanda, hatua kwa hatua, na kila hatua ina mahali pake. Hakuna neno linalorushwa. Uzuri wa tukio hilo umo katika jinsi anavyomtazama kijana yule. Anamsikiliza akiwa kimya kabla ya kumjibu, na kimya hicho ndicho kinachoifanya hadhira ianze kucheka hata kabla hajafungua mdomo.

Kipindi kile leo kina kivuli, na mwandishi anayemsifu Rashad hana haki ya kukiruka. Bill Cosby, nyota wa kipindi hicho, alitiwa hatiani mwaka 2018 kwa kosa la unyanyasaji wa kingono, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ikaitengua hukumu hiyo. Rashad, aliyekuwa ametoka tu kuteuliwa mkuu wa chuo cha sanaa pale Howard, alishangilia hadharani. Wengi waliumia, wanafunzi wake wakiwemo, naye akawaandikia kuomba radhi. Naliona lilikuwa kosa zito. Mtu aliyejenga kazi yake juu ya kusikia wengine hakuwasikia walalamikaji siku ile, na siwezi kuliandika kwa maneno laini kuliko hayo.

Nirudi jukwaani. Mwishoni mwa mwaka uleule wa 2004 alipomcheza Lena, aliingia katika Gem of the Ocean ya August Wilson akiwa Aunt Ester, mwanamke anayesemekana kuwa na umri wa miaka 285, anayeishi Pittsburgh na kuwaosha watu nafsi. Citizen Barlow, kijana aliyelemewa na hatia, anamjia kuomba msaada. Ester anatoa karatasi aliyouziwa nayo alipokuwa mtumwa, anaikunja iwe mashua, anampa kijana aishike. Kwa mashua hiyo ya karatasi kijana anasafirishwa mpaka Mji wa Mifupa, ulio chini ya bahari ya Atlantiki, uliojengwa kwa mifupa ya waliokufa wakivushwa kwenda utumwani. Na jukwaani hakuna bahari. Kuna sebule, watu wachache, nyimbo, na karatasi. Bahari lazima itoke katika koo na miili ya waliomo, na mtazamaji aione.

Tukio hilo Rashad alilicheza, kisha mwaka 2007 akaliongoza katika Seattle Repertory Theatre. Wilson alikuwa amefariki Oktoba 2005 katika jiji hilohilo la Seattle alikokuwa akiishi. Kwa Rashad hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kwanza ya uongozaji wa kitaalamu, naye alikuwa anakaribia miaka 60. Fikiria uzito wa jukumu lile la kwanza: safari ya baharini isiyo na maji. Mwongozaji mwoga angeomba moshi, vitambaa vya buluu, ngurumo za spika. Aliyewahi kuishika karatasi ile mwenyewe anajua kwamba ikiwa vidole vya anayeikunja vina uhakika, na ikiwa walioizunguka meza wanasikilizana, watazamaji watalowa.

Baada ya hapo Wilson akawa shule yake ya kudumu. Mwaka 2013 aliongoza Fences katika Long Wharf Theatre, New Haven, na Joe Turner's Come and Gone katika Mark Taper Forum, Los Angeles. Mwaka 2016 akarudi Taper na Ma Rainey's Black Bottom. Jukwaa la Taper limechomoza katikati ya watazamaji, wamelizunguka pande tatu, kwa hiyo kila dakika kuna mwigizaji aliyempa mtu mgongo. Mwongozaji aliyezoea kupanga picha kwa upande mmoja hupata taabu humo. Anayeongoza kwa sikio ana nafuu, maana mgongo wa mtu anayesikiliza kwa dhati nao unasema.

Katika tamthilia hiyo kuna Sylvester, mpwa wa mwimbaji Ma Rainey, kijana mwenye kigugumizi. Ni mwaka 1927, wako studio mjini Chicago, na Ma ameshikilia kwamba kijana huyo ndiye atakayesema maneno ya utangulizi kwenye rekodi. Wazungu wenye studio wanahesabu hasara. Sylvester anajaribu, anakwama. Anajaribu tena, anakwama. Kila kukwama kuna urefu wake, na hakuna mwandishi anayeweza kuupima kwenye karatasi. Kukiwa kifupi, kigugumizi kinakuwa kichekesho cha kumdhalilisha kijana. Kikirefuka mno, watazamaji wanaanza kumhurumia mwigizaji badala ya Sylvester. Mwongozaji anakaa gizani, onyesho baada ya onyesho la majaribio, akitafuta ule urefu ambao ukumbi mzima unajikuta umeshika pumzi pamoja na Ma. Halafu maneno yanatoka, safi. Katika uongozaji sijui jambo gumu kuliko hilo, na hakuna mtazamaji atakayetoka ukumbini akimsifu mwongozaji kwa ajili yake.

Hakuacha kuigiza. Mwaka 2022 alipata Tony ya pili, kwa nafasi ya Faye katika Skeleton Crew ya Dominique Morisseau, mwanamke wa kiwandani Detroit aliyeitumikia kazi karibu miaka 30. Wakati huo alikuwa mkuu wa chuo cha sanaa Howard, chuo chenye jina la Chadwick Boseman, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye pale Howard alisomea uongozaji.

Kisha ikaja Purpose ya Branden Jacobs-Jenkins. Rashad aliiongoza kwanza Chicago katika Steppenwolf mwaka 2024, kisha Machi 2025 katika Hayes, ukumbi mdogo kuliko kumbi zote za Broadway. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza Broadway, akiwa na miaka 76. Ni hadithi ya familia ya Jasper: baba mchungaji, mpigania haki wa zama za Martin Luther King; mama anayeshikilia heshima ya nyumba kwa meno; kijana mmoja ametoka jela, mwingine ameacha chuo cha uchungaji. Theluji imewafungia ndani, na wanakaa mezani kula. Waigizaji ni sita tu. Meza ya chakula ni mtego jukwaani, kwa sababu watu wote wameketi, hawawezi kutembea kuficha udhaifu, na anayesema ni mmoja wakati watano wanatafuna. Tukio zima linasimama au kuanguka kwa hao watano: nani ameacha kutafuna, nani anamwangalia mama kabla ya kujibu swali la baba.

Mwezi Mei tamthilia ilipata Tuzo ya Pulitzer, na Juni ikapata Tony ya tamthilia bora. Kara Young akatwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike msaidizi, mwaka wa pili mfululizo kwake. Lakini hesabu ninayoipenda zaidi ni ya walioteuliwa. Kati ya waigizaji sita, watano waliteuliwa kuwania Tony: LaTanya Richardson Jackson, Harry Lennix, Jon Michael Hill, Glenn Davis na Young mwenyewe. Katika orodha ya waongozaji walioteuliwa mwaka huo, jina la Phylicia Rashad halikuwemo. Kwangu mimi hilo ni upungufu wa walioteua. Watano kati ya sita hawafikii kiwango hicho kwa bahati, kila mmoja peke yake, katika onyesho moja na kuzunguka meza moja.