Pongezi kwa Vyama vya Jamii vya Misitu

Ukiteremka Mikindani, Mombasa, hadi Mkondo wa Tudor maji yakiwa yamekupwa, utaikuta mikoko ikiwahudumia watu wengi: inalea kamba na kaa, inatoa kuni na boriti, inachuja maji machafu ya mtaani. Ni mali ya wengi, na wengi wameiumiza. Iliposalimika na mashoka, mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliifukia kwa tope.

Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932. Kwa miongo mingi mwenyeji aliijua serikali hiyo kwa askari na kibali tu. Sheria ya Misitu ya 2005, kisha ya 2016, zikampa nafasi: wakazi waunde chama, waandike mpango wa usimamizi pamoja na Shirika la Misitu (KFS).

Kazi hiyo haina makeke, na ndiyo maana inastahili sifa. Muuza kuni, mvuvi na mwalimu huketi pamoja wakabishana wapi papumzishwe na wapi pakatwe. Mvuvi ndiye ajuaye kwamba mche wa mkoko ukichomekwa panapopigwa na mawimbi utang'oka, na kwamba penye chumvi kali afadhali mchu, aina ya mkoko inayostahimili chumvi. Mtaalamu asiyemsikiliza hupoteza miche.

Vyama hivi vina matunda hata mbali na mikoko: katika Msitu wa Karura, Nairobi, alikoshambuliwa mtetezi wa mazingira Wangari Maathai mwaka 1999, leo wanapita wakimbiaji, baiskeli na familia, chama kikishirikiana na KFS. Na Gazi, kusini mwa Likoni, mradi wa Mikoko Pamoja unauza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko. Mapato yake yamewaletea wanakijiji maji na vitabu vya shule.