Uzito wa Mbawa: Mwongozo wa Kupima Filamu Fupi za Uhuishaji Kuhusu Safari na Kutoroka

Uhuishaji ni sanaa ya kuvipa mwendo vitu visivyojongea: michoro, vinyago, mchanga, karatasi iliyokatwa. Ndani yake kuruka ni rahisi kupita kiasi. Mwigizaji wa filamu ya kawaida akitakiwa kupaa, hutafutwa kamba na mashine ya kumwinua. Mchoraji hupandisha kalamu tu, mhusika akawa mawinguni. Pale ambapo kila mtu anaweza kuruka, kuruka kwenyewe hakuthibitishi lolote. Mpimaji hodari wa filamu za safari huanza kwa kuutazama uzito, ndipo azitazame mbawa zinazouinua.

Mada ya safari na kutoroka imestawi sana katika filamu fupi za wanawake, na historia inaeleza kwa nini. Katika studio kubwa za Marekani za miaka ya 1930, wanawake wengi waliwekwa katika idara ya wino na rangi, wakikamilisha michoro iliyobuniwa na wanaume. Filamu fupi, ambayo mtu mmoja anaweza kuifanya mezani pake kwa miezi au miaka, iliwafungulia mlango mwingine. Leo baadhi ya matamasha huonyesha pamoja kazi za wanawake na za wasanii wasiojitambulisha kuwa wanawake wala wanaume. Kuwekwa pamoja huko huonyesha mahali pa kutafuta sauti zilizokosa nafasi zamani. Lakini alama za ubora hutolewa na kazi yenyewe.

Aina ya kuondoka

Swali la kwanza ni namna mhusika anavyoondoka. Kiguu na njia huondoka kwa hamu, na mwili wake hutangulia mbele. Anayehama huondoka kwa sababu mahali pamemshinda, na shingo yake hugeuka nyuma. Anayetoroka huondoka kwa siri kwa kuwa yuko wa kumzuia, na miguu yake husikiliza kabla ya kukanyaga. Filamu dhaifu huwapa wote watatu mkoba mmoja na machweo yaleyale.

Kihoto, mtaa wa mji wa Naivasha nchini Kenya ulio karibu na ziwa, unaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Mwaka 2025 ziwa lilipofurika, maji yaliingia nyumbani na wakaazi wakahamishwa kwa mashua pamoja na vyombo vyao. Kuondoka kwa namna hiyo hakuna kiu ya safari ndani yake. Msanii anayechora kuondoka huko anahitaji mikono inayosita kati ya godoro na sufuria, kwa maana mashua haibebi vyote.

Uzito na mwendo

Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Wachoraji wengi hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, hivyo sekunde hiyo hudai michoro 12, na filamu ya dakika 8 hudai 5,760. Kazi nzuri hujulikana kwa jinsi michoro hiyo inavyogawanywa: mingi pale mwili unapojikusanya, michache pale unapochomoka.

Kipimo bora kiko ziwani Naivasha. Mwari ni ndege mzito, anaweza kuzidi kilo 10, na hapai kwa kutaka tu. Hupiga maji kwa miguu, hunyosha shingo, hupigapiga mbawa, na kwa muda huonekana kama atashindwa. Ndege aliyechorwa bila jitihada hiyo ni karatasi inayopeperushwa. Kwa wahusika wanaotembea, kasoro ya kuchunguzwa ni nyayo zinazoteleza juu ya ardhi bila kuikanyaga. Kasoro hiyo ni ya kawaida katika kazi za kompyuta zilizofanywa kwa haraka.

Mfano mkuu wa uzito ni The Owl Who Married a Goose, filamu ya Caroline Leaf iliyotolewa Kanada mwaka 1974 kutokana na hadithi ya Wainuit. Bundi anampenda bata bukini, wanapata watoto, kisha msimu wa kuhama unafika. Jamii ya mkewe inaweza kuruka mbali na kuelea majini. Bundi anafuata kwa mapenzi, na mwili wake unamwangusha hadi anazama. Safari ileile ni desturi kwa mmoja na kifo kwa mwingine, na mtazamaji hulijua hilo kwa kuangalia mbawa zinavyochoka.

Nyenzo inayobeba hadithi

Leaf aliichora filamu hiyo kwa mchanga juu ya kioo kilichomulikwa kutoka chini. Kila picha ilifutwa ili inayofuata izaliwe, kwa hiyo hakuna kilichobaki ila kile kilichopigwa na kamera. Nyenzo ya namna hiyo inalingana na hadithi ya wanaohama, ambao nyayo zao hufutika nyuma yao.

Lotte Reiniger, aliyezaliwa Berlin mwaka 1899, alitumia mkasi. Katika Die Abenteuer des Prinzen Achmed ya mwaka 1926, filamu ndefu iliyochota visa vya Alfu Lela Ulela, vivuli vya karatasi nyeusi vimeungwa viungo na kusogezwa kidogo kidogo. Mwanamfalme anapanda farasi arukaye, asijue jinsi ya kumshusha. Kwa kuwa kivuli hakina uso wa kuonyesha hofu, hofu yote iko katika mgongo na viganja.

Regina Pessoa wa Ureno, katika História Trágica com Final Feliz ya mwaka 2005, alitumia mistari iliyokwaruzwa inayofanana na nakshi za mbao. Msichana ana moyo unaodunda kwa kishindo hadi mji mzima unaudhika, kumbe ni moyo wa ndege. Mikwaruzo inatetemeka katika kila picha, kana kwamba mji wenyewe haulali. Filamu hiyo ilishinda tuzo kuu ya filamu fupi katika tamasha la uhuishaji la Annecy mwaka 2006.

Swali la kipimo hapa ni moja: hadithi ingepoteza nini kama ingefanywa kwa nyenzo nyingine? Jibu likiwa "hakuna", nyenzo ilichaguliwa kwa mazoea.

Mahali panapoachwa

Kutoroka hakuna maana bila mahali pa kutoroka. Wasanii wa The Lion King ya mwaka 1994 walizuru Kenya na kuchukua sura za mandhari ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Miamba ya huko ilizunguka dunia bila jina lake, ikawa "Afrika" tu. Mgunga mmoja mbele ya jua jekundu nao umekuwa njia ya mkato ya wengi. Mjuzi hudai zaidi: ukungu wa asubuhi chini ya mlima Longonot, malori yanayonguruma barabara kuu ya Nakuru, basi linaloshusha wafanyakazi wa mashamba ya maua kabla hakujapambazuka. Waridi linalokatwa Naivasha husafirishwa kwa ndege hadi Uholanzi, na aliyelikata hurudi chumbani kwake. Filamu inayoijua tofauti hiyo haihitaji kumchora mtu mwenye mbawa.

Mwili wa msafiri

Ng'endo Mukii, msanii wa Nairobi, amelipa swali la kutoroka upana mwingine. Katika Yellow Fever ya mwaka 2012, kinachokimbiwa ni ngozi. Filamu inachanganya uhuishaji, miili ya wachezaji ngoma inayosogezwa fremu kwa fremu, na sauti ya mtoto anayetamani weupe. Mishtuko ya mwendo huo inauma kwa sababu mwili halisi umetendewa kama kikaragosi. Katika This Migrant Business ya mwaka 2015 anawageukia wahamiaji wa Pembe ya Afrika na biashara inayowasafirisha. Hapo uhuishaji hubeba ushuhuda bila kuanika nyuso.

Kinachopimwa ni anayemtazama msafiri. Kazi hafifu humwonyesha mwanamke aliye njiani kama pambo la mandhari. Kazi bora hukaa ndani ya macho yake, ikamwacha achoke, aone njaa, na akosee njia.

Sauti

Sauti hufaa pale inapojua kitu ambacho picha haikijui. Katika Wild Life ya Wendy Tilby na Amanda Forbis, ya mwaka 2011, kijana Mwingereza anahamia nyika za Alberta mwaka 1909. Barua zake kwa wazazi zinasifu maisha mapya huku picha zikimwonyesha akishindwa na baridi na upweke. Muziki unaopaa kila mhusika anapopaa hurudia tu kilichokwisha kuonekana.

Mwisho

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Filamu haidaiwi kumrudisha msafiri nyumbani, lakini inadaiwa kulipa gharama iliyoitaja mwanzoni. Msichana wa Pessoa anaruka baada ya kustahimili mji mzima. Bundi wa Leaf anazama kwa sababu tulioneshwa mapema kwamba maji si yake. Mwisho mbovu hufungua dirisha ambalo halikuwa limefungwa.

Utaratibu wa kutazama

Filamu fupi inafaa kutazamwa mara tatu. Mara ya kwanza hutazamwa kwa mfululizo, bila kuandika lolote. Mara ya pili sauti huzimwa, na mtazamaji huchunguza nyayo, mabega na muda wa kabla ya kila mruko. Mara ya tatu macho hufumbwa, na masikio huulizwa kama safari bado inaendelea. Kazi inayosimama katika hatua zote tatu ina ufundi kamili. Inayosimama katika ya kwanza pekee imependeza, nayo itasahaulika upesi.