Kutopenda Kinachopendwa: Mhakiki Mbele ya Siku Njema

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili pamesemwa mengi kuhusu wajibu wa mhakiki kwa mwandishi, na mengi zaidi kuhusu wajibu wake kwa jamii. Kuhusu wajibu wake kwa rafiki zake pamesemwa machache mno, na huenda huko ndiko anakoshindwa mara nyingi. Nakusudia hapa kulizungumzia tatizo la mhakiki asiyempenda mwandishi apendwaye na wenzake wote. Simkusudii mwandishi mbovu, maana huyo hana rafiki wa kumtetea. Namkusudia yule ambaye wenzetu humtaja kwa bashasha, na ambaye vitabu vyake ndivyo vilivyowafanya baadhi yao wawe walimu wa Kiswahili. Mwandishi huyo ni marehemu Ken Walibora, na kitabu chenyewe ni Siku Njema, riwaya iliyotolewa mwaka 1996.

Kisa wasomaji wa jarida hili wanakijua, nami sitakirefusha. Msanifu Kombo, kwa jina la sifa Kongowea Mswahili, analelewa Tanga na mama yake Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu. Mama anafariki, mtoto anapata tabu mikononi mwa waliopaswa kumlea, kisha anavuka mpaka na kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua, safari inayomfikisha hadi Kitale. Riwaya hii ilipata kutahiniwa katika shule zetu za sekondari, lakini mapenzi ya wasomaji hayakutokana na mtihani. Vitabu vingi vimetahiniwa na kusahauliwa siku ile ile karatasi zilipokusanywa. Hiki kilisomwa na vijana ambao hawakulazimishwa, kikaazimwa hadi majalada yakachanika, na misemo yake ikanakiliwa katika madaftari kama watu wanavyonakili nyimbo.

Mimi sikukipenda nilipokisoma mara ya kwanza, na nimekirudia mara tatu tangu hapo bila ya kukipenda. Yafaa nieleze ni nini hasa nisichokipenda, kwa maana chuki isiyo na anwani si uhakiki.

La kwanza ni lugha, na hili ndilo kubwa. Kiswahili cha riwaya hii kimevaa nguo za Idi kuanzia ukurasa wa kwanza, wala hakizivui hata kinapoingia jikoni. Tashbihi hufuatwa na methali, methali na nahau, na nahau na neno adimu ambalo mwanafunzi hulipigia mstari. Kila moja ya mapambo hayo, likichukuliwa peke yake, ni sahihi na mara nyingine ni zuri. Lakini msiba hupambwa kama sherehe inavyopambwa, na njaa hupambwa kama msiba. Matokeo yake ni kwamba msomaji, badala ya kumwona mtoto aliyefiwa, anamwona mtu anayelieleza jambo hilo kwa ufasaha. Huzuni yenyewe inabaki nje, ikisubiri maneno yamalize kupita.

La pili latokana na la kwanza. Msimulizi ni nafsi ya kwanza, naye ni stadi wa Kiswahili kuliko wote wanaomzunguka. Jina lake la sifa lamshuhudia. Basi kila sentensi iliyopambwa ni hoja ya pili ya kumsifu yule yule aliyeisema. Sikumbuki mahali ambapo Kongowea anatuachia sisi tumhukumu. Kuhusu sadfa katika msuko wake sitasema mengi: hadithi za kutafuta baba zimeishi kwa sadfa tangu kale, na anayezikataa afadhali asizisome.

Sasa, rafiki zangu wananijibuje? Wapo wasemao kuwa nimeharibiwa na masomo ya ng'ambo. Kwamba nilikwenda kutafuta shahada nikarudi na ulimi usioweza tena kuonja chakula cha nyumbani. Hoja hii husemwa kwa kicheko, lakini si ya kudharauliwa. Ni kweli kwamba katika vyuo vya huko nilifunzwa kuiheshimu nathari iliyonyolewa, na kwamba mwalimu aliyenifunza hivyo hakupata kusikia hotuba ya posa wala utenzi ukighaniwa. Methali kwetu si pambo tu. Ni njia ya mzungumzaji ya kujiondoa mbele na kuwaacha wahenga waseme. Kama kuchukizwa kwangu kungekuwa kuchukizwa na methali, ningestahili kicheko chao.

Lakini ushahidi wa kunitetea unatoka hapa hapa nyumbani, nao ni Euphrase Kezilahabi. Huyu naye hakuzaliwa pwani. Alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, na Kiswahili kwake, kama kwa Walibora mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, kilikuwa lugha ya kujifunza. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, nayo pia ilisomwa na vijana, hata ilipopigwa marufuku shuleni. Tazama jinsi Zakaria anavyolewa, na jinsi binti yake anavyopigwa kwa sababu ya barua ya mvulana. Sentensi ni fupi, karibu maskini. Hakuna anayekuja kutueleza kwamba jambo hili linaumiza. Linaumiza. Nathari hiyo haikuagizwa kutoka Ulaya kwa meli. Iliandikwa na mtu wa kwetu, kwa ajili ya vijana wa kwetu, naye alijua methali za kutosha kuijaza riwaya nzima kama angetaka. Kuipenda nathari ya namna hiyo si kuwa mgeni.

Jibu la pili la rafiki zangu ni gumu zaidi, na ndilo linaloninyima raha. Wanasema: wewe hukukisoma kitabu hiki, ulikihakiki, sisi tulikisoma. Wanamaanisha kwamba walikutana nacho wakiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano, katika bweni, na kwamba kiliwafanyia jambo ambalo hakiwezi kumfanyia mtu mzima mwenye kalamu mkononi. Nimelichunguza jambo hilo ni lipi.

Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, nao ndio uliokifanya Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari nchini Kenya. Mamia ya maelfu ya watoto ambao nyumbani walisema Kibukusu, Kikuyu, Kiluo au Kikalenjin wakajikuta wanahukumiwa kwa lugha waliyoambiwa kuwa ina wenyewe, na wenyewe wako pwani. Mtoto wa bara alikisema Kiswahili kama mpangaji asemavyo juu ya nyumba. Ndipo ikaja riwaya hii. Shujaa wake mama yake ni wa Tanga na baba yake ni wa kutafutwa huko Kitale. Anaitwa Mswahili kwa sababu ya umahiri wake wa lugha, wala si kwa sababu ya ukoo. Na jina lile la Kongowea, ambalo wakazi wa leo wa Mombasa hulijua kama la mtaa na soko, msomaji wa Muyaka bin Haji analijua kuwa jina la kale la mji wenyewe. Mwandishi wa bara amelichukua jina la kale la Mombasa akamvika kijana ambaye nusu yake ni ya bara. Sijui hati nyingine ya umilikaji wa lugha iliyoandikwa kwa ujasiri kama huo katika kizazi chetu.

Hapa ndipo ninapoyaelewa mapenzi ya wenzangu. Yale mapambo ninayoyachukia, wao hawakuyasoma kama mapambo. Waliyasoma kama funguo. Kila nahau waliyoinakili ilikuwa chumba kimoja zaidi katika nyumba waliyoambiwa si yao.

Je, kuelewa huko kunanibadilisha? Hapana. Kazi ya fasihi yaweza kuwa tukio kubwa katika historia ya wasomaji wake na bado ikawa na nathari inayomziba mhusika wake pumzi. Mambo haya mawili hayapingani, ila sisi tumezoea kulitumia la kwanza kulinyamazisha la pili. Madhara yake nayaona kila ninaposahihisha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akitakiwa kueleza kifo cha bibi yake huniletea jua lililochomoza kwa madaha na ndege waliotumbuiza, kisha methali tatu, na bibi mwenyewe hana uso. Lawama hii siiweki juu ya Walibora. Hakuwaamuru watahini watoe alama kwa wingi wa tamathali. Lakini tumempa kijana kielelezo kimoja cha Kiswahili kizuri, tukamficha kingine.

Kunyamaza kuliongezeka mwaka 2020. Kezilahabi alifariki mwezi wa Januari mwaka huo, na Walibora mwezi wa Aprili, kwa ajali ya barabarani jijini Nairobi, kifo kilichowatia watu uchungu wa haki. Tanzia zikaandikwa, nyingi kwa mtindo wake mwenyewe, na ndivyo ilivyofaa. Tanzia si mahali pa kupima nathari. Lakini miaka imepita na sisi bado tunaandika tanzia, hata katika tasnifu. Wazee wetu hawakuwa hivi. Kichomi ilipotoka mwaka 1974, waliochukizwa na mashairi yasiyo na vina na mizani walisema wamechukizwa, kwa majina yao, na waliopenda wakajibu. Walikosana kweli kweli. Sehemu kubwa ya tunayofundisha leo kuhusu umbo la shairi ilipatikana katika ugomvi ule.

Nami ningependa ugomvi wetu uhamie kwenye Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya mwandishi huyu huyu iliyotahiniwa kuanzia mwaka 2013 hadi 2017, ambayo rafiki zangu huiweka chini ya Siku Njema nami huiweka juu. Humo yumo Mwalimu Majisifu, aliyeiba mswada wa Amani na kuutoa kama wake. Mtu mwenye sifa ya lugha hatimaye amewekwa kizimbani, na ufasaha umekuwa mali inayoweza kuibwa, kuuzwa na kusingiziwa. Hata majina yanayosema yenyewe, Nasaba Bora na Majisifu, ambayo kwingine yangenichosha, humo yana kazi ya kejeli. Pambo limepata mzigo wa kubeba. Kama Walibora alikusudia kumcheka Kongowea wake wa zamani kupitia kwa Majisifu, siwezi kuthibitisha. Lakini kurasa zinazomhusu mwalimu huyo zinasomeka kana kwamba ndivyo, na anayedhani ninamwonea mwandishi na anionyeshe katika Siku Njema ukurasa mmoja ambamo msimulizi anautilia shaka ufasaha wake mwenyewe.