Namna ya Kuipima Pikipiki Iliyokwisha Kutumika

Mtu atakaye kuuza pikipiki yake hapa Kongolo, baada ya kuitunza kwa insafu miaka mitatu minne, aghalabu huanza kwa kuiosha mpaka ing'are, akakipaka kiti mafuta na kuisugua injini kwa petroli, kisha akaiegesha mbele ya nyumba kungoja sifa. Rai yangu ni kinyume cha hayo. Matunzo mema hudhihirika mahali ambapo kitambaa cha kupangusia hakifiki, na mnunuzi mwenye maarifa, aonapo injini iliyooshwa jana, hana budi kujiuliza ni oili gani iliyokuwa ikivuja hapo hata ikalazimu kufutwa. Muuzaji muungwana na aiache na vumbi lake jekundu la njia ya Nyunzu, ili ukavu wa maungio ya injini umshuhudie.

Tena na aiache baridi. Mnunuzi aweke kiganja juu ya injini kabla hata salamu hazijesha, kwa kuwa maradhi ya kabureta, plagi na ringi hujitokeza chuma kikingali baridi na kufichika kikishapata moto. Akikuta joto, basi aombe kurudi kesho alfajiri, na jibu atakalopewa litamfunza mengi. Mvuke mweupe wa asubuhi, utowekao baada ya dakika chache, si neno. Bali moshi wa buluu usiokoma katika Boxer au TVS ni oili inayoungua, na dawa yake ni kufungua injini. Ama Yamaha AG100, ile pikipiki ya mashamba yenye stendi pande zote mbili na mnyororo uliofunikwa kabisa, haihukumiwi kwa sheria hiyo, maana injini yake ni ya mipigo miwili na kuchoma oili pamoja na petroli ndiyo maumbile yake.

Kuhusu sauti, wengi hudhani kwamba injini iliyo kimya ndiyo nzima. Pikipiki nyingi za Kichina zina injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125, ambayo Wajapani waliitoa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo matunzo ya chombo ni haba, wakaiwekea fimbo za kusukumia vali badala ya mnyororo wa ndani, ili istahimili taksiri za wenyewe. Injini ya namna hiyo, ikiwa vali zake zimepimwa sawasawa, hutoa mlio mwepesi wa kugongagonga, na fundi hodari huufurahia. Ikinyamaza kabisa, huenda vali zimekazwa kupita kiasi, hazifungi barabara, nazo zitaungua polepole huku mwenyewe akijisifia utulivu wake.

Mita ya kilomita usiiamini, kwani waya wake hukatika mapema na mara nyingi haurudishwi. Tazama raba za kukanyagia na pedeli ya breki: zikiwa zimelika mpaka chuma, nayo mita yasema elfu nne, basi mmoja katika mashahidi hao ni mwongo. Vichwa vya skrubu vilivyoviringika hukueleza ni fundi wa tabia gani aliyeishika. Mnyororo uvute kwa nyuma, kwenye sproketi kubwa. Ukiinuka hata nusu ya jino ikaonekana, umechakaa, na meno yenyewe huwa yamepinda kama ndoana, hivyo vyote vitabadilishwa pamoja na bei ipungue kwa kadiri hiyo.

Lakini katika nchi hii ya magunia ya mahindi, madumu ya mawese na abiria wawili nyuma ya mamotari, yaani waendesha pikipiki za kukodi, ushahidi mkubwa umo katika fremu. Inua kiti, papasa chini ya keria, utafute rangi mpya iliyofunika weldingi. Kisha inua gurudumu la mbele ukageuze usukani taratibu: ukinasa katikati, beringi za shingo zimekwisha kupigwa na mashimo. Pikipiki ya starehe, yenye kiti cha chini na usukani uliopanda, ni adimu kwetu, na atakayeipata asiache kulala chini alitazame tumbo lake, kwa maana mawe ya njiani huanza na hilo.

Yakisha hayo, namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu ilinganishwe na ile ya karte rose, yaani hati ya usajili wa chombo, tarakimu kwa tarakimu, mbele ya mashahidi. Na ikiwa malipo ni kwa dola, muuzaji azikague noti moja moja kwenye mwanga, kwa kuwa iliyochanika hata kidogo haitapokelewa sokoni, wala mnunuzi asilione hilo kuwa ni utovu wa adabu.